Barua ya wazi kwa vijana mnaomaliza kidato cha nne

Wanangu,

Salaam za upendo ziwafikie popote mlipo. Nilifundisha kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na vijana wa kila kizazi wameniuliza swali moja: tumwige nani? Siku hizi wengi wenu huja na jibu tayari, nalo huwa ni tajiri fulani, msanii au mchezaji mpira wa Ulaya. Siwalaumu kwa kuwapenda watu hao. Ninawaomba tu mtafute mfano pia katika maisha ya watu wa kawaida, kwa kuwa habari za watu mashuhuri hutufikia zikiwa zimekwisha kuchujwa, tukaoneshwa siku ya ushindi na kufichwa miaka iliyoitangulia na iliyoifuata, ilhali mtu wa kawaida anaishi karibu nanyi, na mkimwendea kwa adabu atawaeleza hata yale yaliyomshinda.

Chukueni habari ya Erasto Mpemba, ambayo sisi walimu tumezoea kuisimulia nusu. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyaacha yapoe, ndipo wayaingize kwenye jokofu. Siku moja, akiogopa kukosa nafasi, Mpemba aliyaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto, na baadaye akakuta yameganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipomuuliza mwalimu sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu mwingine akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Maneno hayo wanafunzi wenzake wakayageuza mzaha wa kumtania kila alipokosea. Hata hivyo, Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipokwenda shuleni hapo kutoa mhadhara, kijana yule alisimama mbele ya wote akauliza swali lile lile. Wenzake wakacheka. Mgeni akaahidi kulijaribu katika maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ambayo wanasayansi wanaijadili na kuibishia hadi leo, na jambo lenyewe likapewa jina la Mpemba.

Nusu tunayoiacha ni hii. Katika maelezo yake mwenyewe, Mpemba alieleza kwamba kabla ya kumwona Dk. Osborne alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kuwa huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Muuzaji huyo hakuhitaji maabara. Kazi yake ya kila siku ilikuwa imekwisha kumwonesha. Nimewaza mara nyingi juu ya mtu huyo. Kijana aliyekuwa amekanushwa na mwalimu wake alipata nguvu ya kutoliacha swali lake kwa mfanyabiashara mdogo, na nadhani bila mazungumzo yale huenda angelimeza swali lake akanyamaza. Wala Mpemba mwenyewe hakuishia kuwa profesa wa fizikia. Alisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi, akaifanya kazi hiyo. Nawaomba mlizingatie hilo, hasa nyinyi mnaodhani kwamba anayefanya jambo kubwa ujanani ni lazima awe mtu mkubwa maisha yake yote.

Vivyo hivyo tunasimulia habari ya John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa Tanzania aliyeanguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968, akaumia goti, akaendelea hadi akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Ni wangapi kati yenu mnaojua kwamba mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alimaliza wa tano katika mbio hizo hizo? Binafsi mwaka huo wa pili ndio unaonitia moyo zaidi, kwa sababu kati ya goti lile na Edinburgh kulikuwa na mazoezi ambayo hakuna aliyeyapigia makofi.

Naye Kimani Maruge wa Kenya aliingia darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, baada ya serikali kufuta karo ya shule za msingi, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa ni kutaka kuisoma Biblia mwenyewe.

Hao wamejulikana, lakini wa aina yao mnao nyumbani. Mtihani ukiisha mtakuwa na miezi ya kusubiri matokeo. Itumieni sehemu ya muda huo kukaa na fundi cherehani wa mtaani kwenu, mama lishe, nahodha wa jahazi, mkunga wa jadi. Msiwaulize siri ya mafanikio, kwani swali hilo huzaa hotuba. Waulizeni nani aliwafunza kazi, mtaji wa kwanza ulitoka wapi, mwaka upi ulikuwa mgumu kuliko yote na walikula nini mwaka huo, na ni jambo gani walilianza wakaliacha. Andikeni majibu kwa maneno yao wenyewe, kisha mwasomee mlichoandika ili warekebishe. Msiyatupe mtandaoni maisha ya mtu bila ridhaa yake, hasa penye habari za ndoa, ugonjwa au madeni, na akisita msimshurutishe.

Mwenye bibi au babu aliye hai aanze naye, kabla ya shangazi na wajomba, kwa sababu ya umri tu.

Wasalaam,
Mwalimu wenu mstaafu