Asanteni mliotufikisha Singida

Habari za asubuhi wanakikundi, na poleni na uchovu.

Kutoka Dodoma hadi Singida ni kama kilomita 240, na baiskeli ya tairi moja haina kuserereka: hata kwenye mteremko pedeli zinazunguka, mguu haupumziki. Sasa kumbukeni ule mlima ukitoka Kintinku kupanda Manyoni! Kaka dereva wa Canter alitufuata polepole, hazadi zikiwaka, mabasi na malori yakatupita kwa nafasi. Kaka, hatuna cha kukulipa.

Fundi wetu, nilikuona Bahi usiku, umelala chali, tochi mdomoni, unakaza pedeli ya mtu usiyemjua hata jina. Mungu akubariki sana.

Mama zetu wa Manyoni, shikamooni. Ule ugali wa uwele na mlenda tulikula hadi tukakomba sufuria, na bado mkakataa hela ya kuni. Hilo limenigusa mno.

Vijana wa maji, dada wa huduma ya kwanza, asanteni.

Mhasibu ataweka hesabu ya michango hapa jioni. Kuna koti la njano limebaki kwenye gari, mwenyewe aseme.