Vijana wanajua bajeti, mikataba ndiyo imefichwa

Mhariri,

Naandika kuhusu ile ripoti yenu ya vijana waliokaa kujadili uchumi, ile yenye picha kubwa ya kijana ameshika maiki. Nawasoma miaka na miaka sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, mengi nimeyapita nikanyamaza, ila hii imenikaa kooni. Ukurasa mzima ni mfumuko wa bei, bajeti, akiba, kutofautisha mahitaji na matamanio, halafu mwishoni mtaalamu anafunga kwa kusema tatizo la kizazi hiki ni nidhamu ya pesa. Ulinzi wa mlaji, ambao mliuweka hadi kwenye kichwa cha habari, umepata sentensi moja tu, na yenyewe inawaambia vijana wawe makini. Makini na nini? Mwandishi wenu hakuuliza.

Basi mi nawaambia.

Mtoto wa kaka yangu ni binti wa miaka ishirini na kitu, ana kazi, si ya hela nyingi lakini kazi, na matumizi yake anayaandika kwenye daftari kila jioni, ukimkopesha anarudisha kabla hujamkumbusha. Kompyuta yake ya kazini kwake ikafa ghafla na mshahara bado, akaona tangazo kwenye simu, mkopo wa dakika chache, bila dhamana, riba sifuri. Akaomba akapata. Mimi nilivyojua sasa: niko kazini, inaingia meseji kutoka namba nisiyoijua, inamtaja jina lake lote, inasema ni mdaiwa sugu na mwizi, mimi nimeandikishwa kama mtu wake wa karibu, asipolipa kabla ya jioni picha yake itasambazwa. Na deni lilikuwa limepitiliza siku moja tu! Meseji ileile ikaenda kwa bosi wake, kwa mwalimu wake wa zamani, kwa fundi bomba aliyewahi kumpigia simu mara moja, yaani kila jina lililokuwa kwenye simu yake. Akanipigia analia, "Shangazi usiifungue hiyo meseji," nishaifungua zamani.

Jioni nikamwambia lete hiyo simu. Nilivyoiona ile aplikesheni nikaelewa. Kitufe cha kijani kimeandikwa NAKUBALI, kimejaa upana wote wa skrini. Juu yake kuna mstari mmoja wa kijivu, herufi ndogo hadi uisogeze simu usoni, ukiugusa linafunguka likaratasi refu la kushusha kwa kidole, la kisheria tupu, unashusha unashusha hufiki. Huko chini kabisa ndiko kuna ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu na "kuwasiliana na watu wa karibu endapo mteja atachelewa". Na hesabu yenyewe je? Katika kila 100 aliyoomba aliingiziwa 85. Hizo 15 zimekatwa juu kwa juu na zimeitwa gharama za uchakataji, ndio maana tangazo linasema riba sifuri, kwa sababu wameipa jina lingine. Anatakiwa arudishe 100 kamili ndani ya siku 30. Sasa mtu aliyeshika 85 mkononi akalipa 15 juu yake amelipa zaidi ya asilimia 17 kwa mwezi mmoja, na ukiipigia hesabu ya mwaka mzima inapita asilimia 200. Asilimia 200 mhariri! Na namba hiyo haipo popote, si kwenye tangazo, si kwenye kitufe, si kwenye lile likaratasi, nilitafuta mpaka macho yakauma. Binti anajua asilimia vizuri kabisa, kasoma, tatizo hakuna mtu aliyemwekea hiyo asilimia mezani aione. Halafu mnamleta mtaalamu anasema vijana hawana nidhamu. Nidhamu gani inamsaidia mtu ambaye bei ya kitu anachonunua imefichwa? Ungeingia dukani ukakuta bidhaa hazina bei, unaambiwa chukua tu utajua mwezi ujao, ungemlaumu mnunuzi?

Na haya si mambo mapya ya jana. Rais Kennedy wa Marekani aliwaambia wabunge wake tarehe 15 Machi 1962 kwamba mlaji ana haki nne: usalama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Tarehe hiyo ndiyo mpaka leo inaadhimishwa kuwa siku ya haki za mlaji duniani. Mwaka 1968 hukohuko Marekani wakapitisha sheria kwamba anayekopesha lazima aseme gharama ya mkopo kwa kiwango cha mwaka, ili mtu aweze kulinganisha mkopo huu na ule. Umoja wa Mataifa ukatoa miongozo ya kumlinda mlaji mwaka 1985, ikafanyiwa marekebisho 2015. Uingereza tangu Januari 2015 mikopo hii ya muda mfupi imewekewa ukomo, haitakiwi kuzidi asilimia 0.8 kwa siku, na hata ukichelewa vipi jumla ya riba na faini haiwezi kuzidi kile ulichokopa, maana yake hulipi zaidi ya mara mbili. Watu walikaa wakaandika namba, wakaacha kuwaambia vijana wawe makini.

Nyie mngetaka utafiti pia upo. Mwaka 2014 watafiti watatu, Fernandes, Lynch na Netemeyer, walikusanya tafiti 201 kuhusu elimu ya fedha, wakakuta elimu hiyo inaeleza asilimia 0.1 tu ya tofauti za jinsi watu wanavyotumia pesa, na kwamba hata darasa la masaa mengi athari yake inafifia, miezi 20 baadaye karibu hakuna kitu. Wengine walipima baadaye kwa njia nyingine wakapata matokeo mazuri zaidi, sawa, sisemi elimu itupwe, mi mwenyewe namfundisha huyo binti. Ila hao wa 2014 walisema jambo moja la maana, kwamba elimu inafaa ikija wakati uleule mtu anapofanya uamuzi. Na wakati huo ni pale kidole kiko juu ya NAKUBALI, si kwenye ukumbi wenye maiki na chupa za maji.

Kitu kingine ambacho vijana wale hawakuambiwa, au waliambiwa mkakikata, ni hii riba inayopigwa kwenye kiasi kilekile ulichokopa mwanzo, mpaka mwisho wa deni. Unakopa 100, unaambiwa riba asilimia 10 kwa mwaka, unalipa kidogo kidogo miezi 12. Inasikika ni 10. Lakini deni linapungua kila mwezi na riba bado inapigwa kwenye ile 100 ya mwanzo kana kwamba hujalipa kitu, ukweli wake ni karibu asilimia 18. Wanaokopa kwa ajili ya ada, pikipiki, simu za kulipia kwa awamu, wote wanapigwa hapo na wanadhani wamepata nafuu. Hilo tu lingetosha kuwa mdahalo mzima.

Na tukiwa hapohapo kwenye kununua vitu kwenye simu, hivi kwa nini kurudisha kitu imekuwa kama kuomba msamaha? Kijana ananunua viatu mtandaoni vinakuja saizi nyingine na rangi nyingine, anaandika meseji, zinakuwa tiki mbili za bluu na kimya, akipiga huduma kwa wateja anaambiwa bonyeza moja, bonyeza tatu, subiri, muziki, simu inakatika na salio nalo limekwenda. Kisha anaonyeshwa ile sentensi ya kwenye risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Nani aliwapa hiyo sheria? Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya ukinunua mtandaoni una siku 14 za kubadili mawazo, bidhaa nyingi unarudisha bila hata kueleza sababu. Wauzaji wa huko hawajafa na biashara zinaendelea. Kwetu sisi wengine kupokea kitu kibovu kunahesabiwa ni bahati yako mbaya. Na hiyo nayo mtaiita nidhamu ya pesa.

Turudi kwenye mikopo. Hata Google wenyewe tangu 2023 wamezikataza aplikesheni za mikopo kwenye duka lao kusoma majina na picha za watu kwenye simu. Kampuni ya biashara imeona ni aibu, sasa hawa wakopeshaji wanatuma linki pembeni, unapakua nje ya duka, mchezo unaendelea. Ndiyo ile aliyotumiwa binti yetu, linki ya kwenye meseji. Bosi wake alimwita akamuuliza kama ana matatizo ya uaminifu. Mtu anashika funguo za stoo, unaelewa swali kama hilo linamfanya nini. Deni alishalimaliza lote, lile jina la mwizi hakuna aliyetuma meseji ya pili kulifuta.

Sasa mnafanya nini. Kwanza, mkiwakusanya tena vijana kujadili uchumi, msilete mtaalamu wa akiba, leteni mkataba mmoja wa mkopo wa simu, uchapishwe wote, kijana mmoja ausome kwa sauti mwanzo hadi mwisho na mwenye kampuni akae pale mbele asikilize na aulizwe kila kifungu maana yake. Pili, wenye mamlaka walazimishe jumla ya kurudisha na kiwango cha mwaka viandikwe ndani ya kitufe chenyewe cha NAKUBALI, kwa herufi zilezile na ukubwa uleule, na mkopeshaji akimtumia meseji mtu ambaye si mdhamini basi deni lote linakufa palepale. Sio faini, deni linakufa, mtaona watakavyoacha siku hiyohiyo. Tatu ni nyie. Ripoti yenu ya vijana ilikuwa ukurasa wa kulia, na ukurasa wa kushoto mmeweka tangazo la mkopo wa dakika chache, riba sifuri. Mnapokea hela ya tangazo hilo, basi kila wiki tengeni nafasi ya ukubwa uleule, bure, muweke jedwali: mkopeshaji gani, ukiomba 100 unashika ngapi, unarudisha ngapi, baada ya siku ngapi, kwa mwaka ni asilimia ngapi. Hesabu nitawasaidia mimi, sitaki malipo. Mkishindwa kulitoa kwa kuogopa kupoteza matangazo, semeni wazi kwenye gazeti wasomaji tujue.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.