Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jumba la Heshima la Rock and Roll: Andikeni na jina la Lana Clarkson

Mheshimiwa Mkurugenzi,
Rock and Roll Hall of Fame,
Cleveland, Ohio.

YAH: MAELEZO YA PHIL SPECTOR

Salaam. Nianze kwa kukutoa wasiwasi: sikuandikii kuomba jina la Phil Spector, prodyuza wa muziki wa Marekani, lifutwe. Liko kwenu tangu 1989. Halikutoka baada ya hukumu ya 2009 ya kumuua Lana Clarkson, halikutoka alipofia kifungoni Januari 2021, na kulitoa leo hakutamrudisha mtu. Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho, na huenda kikawa kigumu zaidi. Naomba mwache kumgawa mtu huyu mafungu mawili: fungu la fundi, linalowekwa kwenye kioo na kumulikwa taa, na fungu la muuaji, linaloachiwa mahakama.

Najua uteuzi hufanywa na Wakfu wa Rock and Roll Hall of Fame ulioko New York, nanyi wa Cleveland mnapokea majina yakiwa yameshapita. Lakini maneno yanayomweleza mgeni huyu alikuwa nani yako mikononi mwenu, na barua hii ni ya maneno.

Mimi ni fundi mitambo wa studio. Nakula kwa kukaa nyuma ya kioo nikisikiliza wengine wakiimba, kwa hiyo siwezi kujifanya kwamba kazi ya Spector hainigusi. Ile ngoma ya Hal Blaine inayofungua "Be My Baby" ya mwaka 1963, dum, dum-dum, pa!, nimeirudia mara nyingi hadi aibu. Lile pigo la mwisho limelowa mwangwi kama mtu aliyegonga mlango wa ghala tupu. Nyuma yake ukuta unaanza kuja: piano zaidi ya moja, magitaa kadhaa yakipiga kitu kilekile, kayamba, makofi, kisha nyuzi. Wanamuziki wote wamebanana kwenye chumba kimoja cha studio ya Gold Star, Los Angeles, sauti ya kila chombo ikivujia kwenye maikrofoni ya jirani yake. Sisi mafundi hukesha tukizuia uvujaji huo. Yeye aliutaka. Kisha fundi wake, Larry Levine, anaipeleka sauti kwenye chumba cha mwangwi, chumba kitupu chenye kuta ngumu, spika ndani yake, maikrofoni ndani yake, na kinachorudi kinachanganywa na kile cha kwanza. Mwisho wa yote mzigo mzima unamwagwa kwenye mono, njia moja tu, asiwepo msikilizaji atakayeweza kukichomoa chombo kimoja akakisikia peke yake.

Ndiyo maana watu waliuita Ukuta wa Sauti. Na kila aliyeingia kwenye ukuta ule aligeuka tofali.

Sisemi mwangwi huua. Brian Wilson wa kundi la Beach Boys aliupenda wimbo huohuo wa "Be My Baby" mpaka ukamtawala, na hakumnyooshea mtu bastola. Ninachosema ni kwamba mkono ulioshika vitasa vya Gold Star ndio ulioshika mambo mengine yote, na ukiyatazama kwa pamoja utaona kitu kimoja kinajirudia. Mtu huyu hakuweza kuvumilia mwingine atoke.

Tuanze na jepesi. Mwaka 1962 "He's a Rebel" ulipanda hadi namba moja Marekani. Kwenye lebo ya santuri pameandikwa The Crystals, na hakuna Crystal hata mmoja aliyeimba humo. Aliyeimba ni Darlene Love, akiitikiwa na wenzake wa kundi la Blossoms. Jina la kundi lilikuwa mali ya prodyuza, akalibandika alipotaka, na mwenye koo akabaki bila jina. Love aliingia kwenu 2011, miaka 22 baada ya Spector. Ronettes, kundi lililoimba "Be My Baby", waliingia 2007, miaka 18 baada yake. Hiyo miaka, Mheshimiwa, si ya kumdai marehemu. Ni yenu.

Mwaka huohuo wa 1962 aliwarekodi Crystals halisi wakiimba wimbo wa Gerry Goffin na Carole King ambao jina lake linasema: alinipiga, nami nikahisi kama busu. Watu waliulalamikia, ukaondolewa. Nauweka hapa kwa sababu ya lile neno busu. Tutalikuta tena.

Veronica Bennett, ambaye dunia inamjua kama Ronnie, aliimba "Be My Baby" na akaolewa na aliyeitengeneza, mwaka 1968. Yaliyofuata aliyaandika mwenyewe katika kumbukumbu zake: nyumba yenye seng'enge na mbwa, viatu vilivyofichwa ili asiende popote. Mwaka 1972 alitoroka akisaidiwa na mama yake, akiwa peku. Nakuomba usipite haraka kwenye hayo maneno mawili, viatu na peku. Huyu ni mwimbaji aliyekwishasimama mbele ya maelfu ya watu, na kilichokuwa kati yake na barabara ni pea ya viatu.

Upande wa fedha ulikuwa vilevile. Kwa mkataba wa 1963 Ronettes walilipwa malipo ya awali ya karibu dola 15,000, kundi zima, na baada ya hapo hawakuona mirabaha. Nyimbo zilipoanza kukodishwa kwa filamu na matangazo, mapato yalikwenda kwingine. Walifungua kesi miaka ya 1980. Mahakama ikawapa zaidi ya dola milioni 2.6 mwaka 2000, lakini mwaka 2002 Mahakama ya Rufaa ya New York ikaamua kwamba, kwa kuwa mkataba ule haukusema lolote kuhusu filamu, haki ya kuzikodisha ilibaki kwa kampuni ya Spector. Wao wakaachiwa mirabaha ya mauzo ya santuri. Kisheria huenda ni sawa, mimi si mwanasheria. Lakini mabinti wale walipotia saini, ni nani chumbani aliyejua kwamba kimya cha karatasi kina bei?

Sasa bastola, na hapa sisi watu wa muziki tuna la kujibu. Mwaka 1973, akirekodi na John Lennon huko Los Angeles, alifyatua risasi studio. Mwaka 1977, kwa masimulizi ya mwimbaji Leonard Cohen mwenyewe, alimwekea bastola shingoni huku akimwambia kwamba anampenda. Visa hivi nimevisikia tangu nilipoanza kazi. Havikusimuliwa kamwe kama makosa. Vilisimuliwa kama vituko, kwa kicheko, wakati wa kusubiri nyaya zibadilishwe: "Huyo jamaa alikuwa mwendawazimu, ila masikio yake!" Kila aliyekisimulia alikuwa amepona, na kwa sababu amepona tukadhani bastola ile ilikuwa ya mchezo.

Wanawake waliosimama mahakamani baadaye hawakuwa na kicheko. Watano walieleza, kila mmoja kwa wakati wake, jinsi alivyowatolea silaha, na kinachojirudia katika maelezo yao ni kutaka kuondoka: kwamba usiku umekwenda, kwamba wanataka kurudi kwao.

Lana Clarkson alikuwa na miaka 40. Alikuwa mwigizaji, amecheza mhusika mkuu kwenye filamu ya "Barbarian Queen" mwaka 1985, na wakati huo alikuwa akiwapokea wageni katika ukumbi wa House of Blues, Sunset Boulevard, kwa sababu uigizaji peke yake haukulipa kodi ya nyumba. Usiku ule alikutana na Spector kazini, wakaenda kwenye jumba lake la Alhambra. Alfajiri ya tarehe 3 Februari 2003 dereva aliyekuwa akisubiri nje alisikia mlio, kisha akamwona bosi wake akitoka na bastola mkononi, akisema anadhani ameua mtu. Clarkson alikutwa kwenye kiti ukumbini, karibu na mlango wa nyuma. Mkoba wake ulikuwa bado begani.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara nakwama kwenye mkoba. Mtu aliyekaa kustarehe huweka mkoba chini.

Miezi michache baadaye Spector aliliambia jarida la Esquire kwamba Clarkson aliibusu ile bastola. Busu, tena. Mawakili wake walishikilia kwamba alijiua mwenyewe. Baraza la kwanza la wazee wa mahakama lilishindwa kuafikiana mwaka 2007, kumi kwa wawili. La pili likamtia hatiani tarehe 13 Aprili 2009, akahukumiwa miaka 19 hadi maisha. Tangu kifo kile hadi hukumu ile ilipita miaka sita, na karibu yote aliishi nje kwa dhamana ya dola milioni moja, katika jumba lilelile.

Alipokufa kwa Covid mwaka 2021, akiwa na miaka 81, BBC ilitoa kichwa cha habari kilichomwita prodyuza mwenye kipaji ila mwenye kasoro. Watu wakaja juu, BBC ikabadilisha na kuomba radhi. Kasoro! Katika lugha ya kazi yangu kasoro ni mlio wa umeme kwenye waya, au besi iliyozidi. Hata hivyo, aliyeandika kichwa kile simlaumu sana. Aliandika tulichomfundisha, kwamba kipaji ndicho habari na mwanamke aliyekufa ni kiambatisho.

Utaniambia jumba lenu si mahakama. Sawa. Lakini Septemba 2023 Jann Wenner, mmoja wa waasisi wa Wakfu, alitolewa kwenye bodi siku moja tu baada ya New York Times kuchapisha mahojiano yake, yale aliyowadharau wanamuziki wanawake na Weusi. Kwa hiyo mkitaka kusema, mnajua kusema, tena upesi. Na usidhani namtaja Spector kwa kumwonea. Mwaka 1966 aliporekodi "River Deep – Mountain High" alimlipa Ike Turner ili asikanyage studio, mkewe Tina afanye kazi kwa amani. Prodyuza huyu akimkinga mwanamke dhidi ya mume anayempiga! Huyo Ike naye yumo kwenu, tangu 1991. Barua yake itabidi iandikwe siku nyingine.

Nina deni langu pia. Miaka ya nyuma, katika studio ambayo sitaitaja, prodyuza niliyekuwa nikimfanyia kazi alimfungia binti chumba cha kuimbia, akatia ufunguo mfukoni, akamwambia hatoki mpaka kibwagizo kikae sawa. Alisema kwa utani. Wote tulicheka. Binti alikuwa akilia, na kilio kile kiliingia kwenye sauti vizuri sana, na mimi ndiye niliyebonyeza kitufe cha kurekodi. Wimbo ulipendwa. Bado napokea pongezi kwa ile sauti, na bado sijapata jibu la kuwapa wanaonipongeza.

Sitaki nyimbo zizimwe. Ronnie mwenyewe aliendelea kuimba "Be My Baby" jukwaani hadi uzeeni, na Spector alipokufa alisema kwamba alikuwa prodyuza hodari na mume mbovu. Akafa mwaka mmoja baadaye, Januari 2022. Wimbo ule ni wake kuliko ulivyo wa mtu mwingine yeyote, na kuuzima ni kumfungia tena.

Ninachotaka ni kibao. Popote jina la Phil Spector linaposomwa ndani ya jumba lenu, au katika maelezo mnayoyatoa kwa umma, naomba yasomeke maneno haya au yanayofanana nayo:

"Phil Spector, 1939–2021. Prodyuza. Pamoja na Larry Levine, Jack Nitzsche, Hal Blaine na wanamuziki wengi wa Gold Star, alijenga sauti iliyobadilisha muziki wa pop. Sauti hiyo ilibebwa na Ronnie Spector, Darlene Love na waimbaji wengine ambao majina na malipo yao aliyashikilia. Tarehe 3 Februari 2003, nyumbani kwake Alhambra, California, alimuua Lana Clarkson, mwigizaji, aliyekuwa na miaka 40. Alihukumiwa 2009, akafa akiwa mfungwa."

Mkiona ni marefu, punguzeni kwenye sentensi ya Gold Star. Ile ya Clarkson msiiguse.

Nasubiri jibu lako.

Wako,
Fundi mitambo