Salma, Zawadi Si Msaliti

Mpendwa Salma,

Salaam nyingi kutoka kwangu na kwa wote walioko hapa nyumbani. Natumaini u mzima, watoto hawajambo, na goti la mama limepata nafuu. Sisi tu wazima, ukiacha haya mafua ya kupokezana ambayo kila mmoja anasema kaambukizwa na mwenzake.

Najua tungeweza kuongea kwa simu, lakini kwenye simu wewe hunipi nafasi. Nikifungua mdomo umeshajibu. Ndiyo maana leo nakuandikia. Soma mpaka mwisho, halafu ubishe utakavyo.

Ni habari ya Zawadi. Rehema kanionyesha ule ujumbe uliotuma kwenye grupu la timu yako, wale uliowasajili wauze chini yako, usiku ule Zawadi alipolefti: wasaliti hawakosekani katika safari ya mafanikio, tuliobaki tusonge mbele. Nimeusoma na kuurudia, kwa sababu Salma ninayemjua mimi hawezi kumwita mtu msaliti kwa kuwa kaacha kuuza sabuni na losheni. Najua ulikuwa na hasira. Najua ni wa tatu kukuachia njiani msimu huu, na kwamba ulimhesabu yeye ili upande ngazi, na Bwana Idi, kiongozi wetu, naye alikuwa anakukaba kuhusu pointi za mwezi, zile unazohesabiwa kwa mzigo ambao timu yako inanunua. Yote hayo nayajua. Lakini neno lile halikumfikia Zawadi, yeye alishatoka. Limewafikia waliobaki, na kila mmoja wao sasa anajua ataitwaje siku atakaposhindwa.

Nilikwenda kumwona. Usikasirike, sikwenda kumvuta aje kwangu, hilo unajua siwezi kukufanyia. Nilikwenda kwa sababu alikuwa hapokei simu ya mtu yeyote, hata ya Rehema.

Akanitolea daftari lake. Laiti ungeliona, Salma. Kapiga mistari kwa rula, kaandika yale majina mia tunayowaambia waandike siku ya kwanza: shangazi, wifi, mwalimu wake wa zamani, jirani wa juu, fundi wake wa nguo. Mbele ya kila jina kuna safu: nimempigia lini, kasema nini, nimrudie lini. Majina ya mwanzo yamejazwa yote. "Kasema hana hela." "Kasema atanitafuta." "Hapokei." "Hapokei." Halafu linakuja jina la wifi: "Kasema, na wewe wamekuingiza huko?" Baada ya wifi hakuna kitu tena. Ni majina tu, ukurasa baada ya ukurasa, na safu tupu. Katoni zake mbili ziko nyuma ya mlango. Moja haijakatwa hata selotepu.

Sasa niambie, huyo ni mvivu? Huyo hana ndoto? Huyo kafanya kila alichoambiwa, kwa mwandiko mzuri, peke yake, mpaka aibu ikamzidi nguvu.

Hili ndilo linaloniumiza katika kazi yetu. Mtu akiacha, tunasema tatizo ni lake. Hana moyo, hana maono, bado hajaamka. Mama Kulthum ana hotuba nzima ya hayo, na watu hupiga makofi. Lakini hebu angalia wanaacha lini. Wengi huacha kabla hawajamuuzia hata mtu mmoja asiye ndugu yao. Utasemaje kwamba mtu kachoshwa na biashara ambayo hajaionja? Siku ya kusajiliwa wanashangiliwa, wanapigwa picha, wanakaribishwa kwenye grupu kwa maua na makofi. Kesho yake wako peke yao, simu mkononi, wanatafuta maneno ya kumwambia shangazi. Hapo katikati ndipo tunapowapoteza, na hapo katikati kiongozi huwa hayupo, yuko anasajili mwingine.

Unajua mimi navyofanya na watu wangu, ingawa Bwana Idi anasema nawadekeza. Mtu mpya simruhusu aguse ndugu zake kwanza. Namchukua tunakwenda wote kwa wateja wangu mwenyewe, wale waliokwishanizoea. Anasikia ninavyouliza, anasikia ninavyokataliwa. Hili la kukataliwa ndilo muhimu. Akiona kiongozi wake kaambiwa "leo hapana" na kiongozi kasema ahsante, kaandika tarehe, katoka anaongea mambo mengine, ile hofu inapungua kuliko angekaa semina tano. Tukifika kwa mteja mwingine, yeye anazungumza na mimi nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, nakwambia! Lakini akiuza, mauzo ni yake, na anaporudi kwake usiku ana kitu cha kumsimulia mwenzake zaidi ya ahadi. Na oda yake ya kwanza ni ya vitu ambavyo tayari kuna mtu kaviomba kwa jina. Si katoni mbili.

Najua hapo utaniuliza pointi. Subiri nitafika.

Tena si kila anayeondoka anaondoka kwa sababu moja, na wewe unawatia wote kwenye kapu moja. Yule binti wa Mzee Farijala alitaka tu kununua mafuta yake kwa bei ya mwanachama. Huyo hajaacha chochote, huyo ni mteja. Mhamishe kwenye daftari la wateja, mpigie mafuta yanapokaribia kuisha, atakununulia miaka. Mwajuma kapata ajira, mshukuru na umpongeze. Lakini Zawadi aliingia kwa sababu ya ule ukurasa wa prezentesheni unaoonyesha kipato cha mtu aliyefika ngazi ya juu kabisa. Alikuwa na deni, akahesabu kwamba kufikia mwezi wa tatu atakuwa amelimaliza. Nani pale ukumbini alikuwa anapata kile kipato? Mimi sikipati, wewe hukipati. Ukimwonyesha mtu mwenye deni ukurasa ule, umeshampoteza siku hiyohiyo.

Mtu akiniaga, huwa namuuliza swali moja tu: ni siku gani hasa ulianza kuwaza kuacha? Simuulizi kwa nini. Ukiuliza kwa nini, anaanza kujitetea, anakupa sababu za heshima: watoto, muda, mtandao mbovu. Ukiuliza siku, anaikumbuka siku. Nikimsikiliza bila kumkatiza napata habari ambazo semina hazinipi. Zawadi alinijibu kabla sijamaliza swali: siku ya wifi. Usiku ule alikuandikia, Salma. Ulimjibu kwa video ya hamasa.

Sikwambii hivi kukuumiza. Nakwambia kwa sababu najua ungekuwa umekaa naye pale kitandani ungemwambia maneno mazuri, unayo. Lakini mtu mmoja hawezi kukaa na watu ishirini na kitu kila usiku, na hilo nalo tulizungumze siku moja, idadi ya watu unaowasajili kwa mwezi.

Haya, sasa mzigo. Hapa ndipo ninapokuomba.

Unaikumbuka ile kesi ya Amway, kampuni ya Marekani inayouza kwa kusajili wauzaji kama sisi, inayotajwa na kila msemaji wa semina? Kwamba mwaka 1979 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliamua kuwa ile kampuni si upatu wa piramidi, ule ambao hela hutoka kwa kusajili watu na si kwa kuuza bidhaa, kwa hiyo na sisi tuko salama? Wanaishia hapo, watu wanapiga makofi. Mimi nilikaa nikaisoma hukumu ilitazama nini. Kilichowaokoa ni masharti yao wenyewe. Muuzaji hakupata bonasi ya mwezi mpaka awe ameuza angalau asilimia 70 ya mzigo alionunua mwezi huo. Kila mwezi alitakiwa pia awe ameuzia wateja 10 tofauti ndipo aipate. Na mtu akiacha, yule aliyemsajili ndiye aliyetakiwa kununua tena mzigo uliobaki, ule unaofaa kuuzwa, akiombwa. Umesikia hilo la mwisho? Aliyemsajili. Yaani kile wanachokitaja kama ngao yetu kilisimama juu ya kiongozi kumrudishia mtu wake anayeondoka. Na hukumu hiyohiyo iliwakataza kutia chumvi kipato ambacho mtu ategemee kupata. Hayo mawili msemaji huwa hayafikii.

Hata kanuni za Shirikisho la Dunia la Vyama vya Mauzo ya Moja kwa Moja zinasema hivyo. Muuzaji akijitoa, kampuni inunue tena mzigo aliouchukua ndani ya miezi 12 ambao bado unauzika, na isikate zaidi ya asilimia 10 ya bei aliyolipa. Kwenye mkataba wetu kuna kifungu kinachofanana na hicho, kiko nyuma kabisa kwa maandishi madogo, na Zawadi hakijui. Nilipomwambia alidhani namfariji tu. Alishapanga kuuza zile katoni kwa bei ya kutupa ili apate japo kidogo.

Kwa hiyo naomba ufanye hivi, shoga yangu. Mpigie, mara moja tu. Rehema anasema Bwana Idi kakuambia umpigie kila siku mpaka alegee. Tafadhali usifanye hivyo, utamfanya abadilishe namba. Mwambie umesikia, mwambie unakuja kuchukua katoni. Nenda nazo zikaguliwe tarehe za mwisho wa matumizi, ile isiyofunguliwa usiikate selotepu, tafuta risiti, mjaze fomu pamoja kabla muda haujapita. Yeye peke yake hataijaza, ana aibu hata ya kupita pale ofisini. Vile vichache alivyovifungua, vinunue wewe. Wateja unao, vitatoka wiki hiyohiyo.

Na ndiyo, najua. Mzigo ukirudi, kampuni inakata pointi zake kwako na kamisheni uliyokwisha kuipata. Utashuka ngazi na picha yako itatolewa kwenye ule ubao. Itauma, sikudanganyi. Lakini zile pointi zilikuwa zimekaa nyuma ya mlango wa Zawadi, Salma. Hakuna aliyenawa kwa ile sabuni. Mwezi unaofuata nani angeagiza tena? Ungelazimika kumtafuta Zawadi mwingine ili ubaki palepale, na mwingine baada ya huyo, na ndivyo ulivyowapata hawa watatu. Mimi niko ngazi moja chini yako na ninalala, kwa sababu wateja wangu wananawa, sabuni inaisha, wanapiga simu wenyewe.

Halafu kwenye grupu, andika. Si lazima maneno mengi. Andika kwamba Zawadi kafanya kazi kwa bidii, kaamua kupumzika, mmemtakia heri, na kwamba yeyote mwenye mzigo uliomlemea aje mzungumze. Usiogope kwamba watajitoa wote. Wanaoogopa kuitwa wasaliti ndio wanaotoroka usiku. Anayejua ataagwa vizuri hukwambia mapema, na akikwambia mapema mara nyingi bado kuna la kufanya. Unamkumbuka Hamida? Aliondoka kwangu mikono mitupu, nikamsindikiza, nikaendelea kumuuliza hali za watoto bila kutaja bidhaa hata siku moja. Alirudi mwenyewe, watoto walipoanza shule. Leo akikosa kuja kwenye kikao mimi ndiye ninayebabaika.

Nilitaka pia nikuhadithie yaliyotokea kwa Mama Kulthum na ule ukumbi, na nani alilipa... lakini hayo tukionana, hayafai kuandikwa.

Sasa nijibu. Mkataba wa Zawadi unao wewe au anao yeye? Alichukua zile katoni mwezi gani hasa, na alilipa zote au nyingine ulimdhamini? Kama ulimdhamini, umeshamdai? Bwana Idi anajua kwamba zinarudi, au unataka tumwambie wote wawili? Wale wawili wa kabla yake, mizigo yao iko wapi? Na huko kwako chumbani, bado unazo zile ulizonunua ili kutimiza pointi za mwaka jana, au uliziuza? Unalala vizuri? Nikija Jumamosi tukae na daftari lako la wateja, utakuwepo, au una semina tena?

Nijibu kwa maandishi tafadhali, usinitumie kidole gumba.

Msalimie mama, mwambie dawa ya kuchua nitamletea nikija.

Wako akupendaye,
Mwanaidi