Barafu ya Aktiki: tusipime kwa mwaka mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa kuyeyuka kwa barafu ya bahari ya Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia. Wanaokanusha kwamba inapungua huanzia Septemba 2012, eneo la barafu hiyo liliposhuka hadi takriban kilometa za mraba milioni 3.4, kisha huuliza, "Mbona sasa imeongezeka?" Huko ni kupotosha. Mwaka huo ndio uliokuwa wa chini kuliko yote tangu vipimo vya setilaiti vya 1979. Ukivitazama vyote, kupungua kuko wazi.

Kweli, barafu inayoelea haiinui sana kina cha bahari. Kinachokiinua hasa ni barafu ya nchi kavu, kama ya Greenland, na maji kutanuka kwa joto. Kwetu Kunduchi, ambako mawimbi yanakula ufukwe hadi mizizi ya minazi, jambo hili si la kubishania kwa ushabiki.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ishirikiane na gazeti lako kuchapa mchoro wa vipimo hivyo vyote kila Oktoba.

Mkazi wa Kunduchi,
Dar es Salaam