Nilikuna nazi tu

Shoga yangu Rehema,

Asalaam aleikum. Hujambo, watoto hawajambo, mzee wa nyumba je? Mimi mzima, ila mafua ya mvua za huku Pune, India, hayajaniacha tangu Julai. Salamu nyingine zigawe mwenyewe unavyojua, maana leo sina subira ya salamu.

Najua umeiona ile picha. Usiniambie hujaiona. Kama imefika kwa Shangazi Temeke, ambaye simu yake kioo kimepasuka na huisoma akiinamisha shingo, basi kwako ilifika asubuhi ileile. Mimi, mlangoni, sinia la shaba mikononi, na alama nyekundu katikati ya paji la uso. Na chini yake maneno: "Huyu ndiye tuliyemchangia nauli." Aliyeandika namjua, nawe unamjua, tumwache.

Mama alinipigia mara nne siku ile. Sikupokea. Kesho yake mara mbili. Tangu hapo kimya, na kimya cha mama yangu unakijua, kile cha kufagia ua saa tisa mchana jua likiwaka. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Nataka umwendee. Lakini ukienda na maneno nusunusu atakukamua mpaka ulie wewe, kwa hiyo kaa nikueleze.

Nilikuna nazi, Rehema. Mambo yote haya yalianza na nazi.

Mwenye nyumba wangu namwita Aji, ndiyo bibi kwa Kimarathi. Agosti aliteleza bafuni akateguka kifundo cha mkono wa kulia. Siku moja kabla ya sikukuu ya Ganapati akagonga mlango wangu, akanionyesha kikapu cha nazi sita, akanionyesha na bandeji. Hakuongeza neno. Wana mbuzi yao ya kukunia, wanaiita vili: ubao wa kukalia, mbele kisu kilichopinda, na nchani meno ya duara kama ya mbuzi ya kwetu. Nikakaa, nikakuna. Aji alinitazama weee, kisha akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema mama. Akasema, "Basi mama yako ni mwanamke wa maana." Hilo umfikishie, tena liwe la kwanza kabla hujavua viatu.

Nazi yenyewe ilikuwa ya modaka. Unga wa mchele unasongwa kwa maji ya moto mpaka ulainike, ndani inatiwa nazi iliyopikwa na sukari guru na iliki, juu unafinya mikunjo kama mdomo wa kifuko, kisha unaziivisha kwa mvuke. Zinatengwa 21. Nikauliza kwa nini 21. Aji akasema ndivyo apendavyo. Alijibu kama ambavyo wewe ungejibu ukiulizwa kwa nini mumeo hali bamia.

Apendaye ni Ganapati, au Ganesh, yule mungu wa Wahindu wa kichwa cha ndovu tuliyekuwa tukimwona Kisutu, ukutani nyuma ya kaunta, na taji la maua ya plastiki na kibalbu chekundu. Unakumbuka tulivyobishana kama mkonga umepinda kushoto au kulia? Na kengele za mahekalu zikilia tulikaza mwendo, wewe ukisema tukisikiliza sana masikio yatatuota makubwa. Miaka yote ile hatukuuliza hata mara moja mle ndani watu wanafanya nini.

Basi sasa nimeona, na uniache niseme polepole.

Sanamu ni ya udongo wa mfinyanzi, kimo kama shubiri mbili. Analetwa nyumbani uso umefunikwa kitambaa. Mpaka hapo ni udongo tu. Mjukuu wa Aji alimweka juu ya friji akaenda kula, hakuna aliyeshtuka. Asubuhi yake anakalishwa mahali pake, mtoto mkubwa wa Aji anasoma maneno ya Kisanskriti huku akigusa kifua cha ile sanamu kwa majani membamba wanayoyaita durva. Wanaomba uhai uje ukae humo. Kuanzia hapo nyumba nzima inabadilika sauti. Hakuna anayempa mgongo, watoto hawapigi kelele, na yule aliyemweka juu ya friji anapita kwa kunyata.

Kisha anahudumiwa. Huduma ni 16, zina mpango. Anakaribishwa, anapewa kiti. Maji ya kuosha miguu. Maji ya mikono, maji ya kusukutua. Anaogeshwa, kwa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, halafu maji safi. Anavishwa. Anapakwa sandali, anawekewa maua mekundu, anafukiziwa ubani, anawashiwa taa, anaandaliwa chakula, na akishakula... tambuu! Na popoo juu yake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nikacheka kwa sauti mpaka wakageuka. Hata neno ni hilohilo, wao wanasema tambula.

Rehema, nilikuwa nimejiandaa kuona kitu cha kutisha, nikaona kwa bibi yako Pangani mgeni akibisha hodi. Mkeka, maji, udi, chakula, na tambuu ya kushushia. Neno la ibada yao ni puja, na nikiulizwa mimi, puja ni kupokea mgeni. Mgeni mkubwa, haya, lakini mgeni.

Nilimuuliza Aji, nikijiona mjanja, kama Mungu wao ana njaa. Akasema katika Gita, kitabu chao kitakatifu, mungu wao Krishna anasema mtu akimtolea kwa mapenzi jani, ua, tunda au maji, anapokea. "Hayo ni vitu vya kumshibisha mtu? Mwenye haja ni mimi." Na pale sebuleni ana kijumba cha mbao chenye miungu midogo ya shaba, ndiyo ile kengele ninayoisikia kila alfajiri nikalaani usingizi wangu kukatwa. Anawaamsha, anawaogesha mmoja mmoja, anawafuta kwa kitambaa. Tangu mumewe afariki, alisema, hakuna mwingine nyumbani wa kuamshwa. Alisema huku anamenya kitunguu saumu kwa mkono mmoja, wala hakunitazama. Sijailaani kengele tena. Nimeilaani mara moja, Jumanne.

Watu wa mtaani walikuja siku nzima. Hawakuja kuomba makubwa, wengi walisimama dakika moja mbele yake wakatoka. Wanaita darshani, kumwona na kuonwa naye. Baadhi walileta pipi.

Na hapo ndipo pa alama. Jirani mmoja alikuwa akizunguka na kijisahani cha manjano na kunkumu, ule unga mwekundu, akiwapaka wanawake kwenye paji. Mimi nimeshika sinia lenye taa ya samli inayowaka. Ningefanya nini, niliangushe? Akanipaka, yule mpangaji mwenzangu akapiga picha, akaiweka, kwisha. Sikusujudu, sikuimba. Makofi nilipiga, wakati wa arati, taa inapozungushwa mbele yake na wote wanaimba na kupiga makofi. Mikono ilikwenda yenyewe. Hilo usimwambie mama. Au mwambie. Sijui, utaangalia uso wake.

Usidhani pia nimelewa sifa. Mama anayekuja kuosha vyombo alipewa modaka zake kwenye karatasi, jikoni, wakati mimi wa kuja juzi nilipewa kwenye sahani sebuleni. Ni chakula kilekile kilichotengwa mbele ya Ganapati, wanakiita prasadi, na kinatakiwa kuwa cha wote. Nilimuuliza Aji, akajifanya hasikii vizuri. Darasani tulisoma jinsi Ambedkar, mtetezi wa waliobaguliwa kwa tabaka, na watu wake walivyokusanyika Nashik mwaka 1930 kudai waingie hekalu la Kalaram, maana watu wa tabaka lao walikuwa hawaruhusiwi hata kukanyaga mle. Nashik si mbali na hapa. Mgeni anapokewa kwa huduma 16 na jirani anaishia mlango wa nyuma, hilo limenikaa kooni na halijashuka.

Tena kuna kelele! Nyumbani kwa Aji mambo ni ya upole, lakini barabarani ni siku kumi za ngoma. Ni Tilak, mwanasiasa mpigania uhuru, aliyeitoa sikukuu hii majumbani na kuifanya ya hadhara hapa Pune, mwaka 1893, Mwingereza akiwa anatawala na hapendi mikusanyiko ya siasa. Akili nyingi sana, mzee wa watu, ila hakuwafikiria wenye mtihani. Siku ya mwisho Ganapati wa mtaa wa Kasba, ambaye ndiye mlinzi wa mji, anatangulia, wengine wanafuata, na msafara unapita usiku kucha mpaka kesho yake. Nimesoma nimeziba masikio kwa pamba.

Sasa sikia kuagana, maana hapa ndipo ninapotaka umshike mama mkono.

Wa Aji hukaa siku moja na nusu tu. Mchana wa siku ya pili wakamwekea mtindi kidogo kiganjani na kumfungia masurufu ya njiani, kweli kabisa, kifurushi cha chakula kama cha msafiri wa basi. Wakamsogeza kidogo kutoka pale alipokaa, ndiyo dalili kwamba ameshaondoka. Zamani walikwenda naye mtoni Mutha. Siku hizi, kwa miguu ya Aji, ni ndoo ya maji kwenye baraza. Wakamtumbukiza taratibu. Wakapaza sauti: Ganapati Baba, mwakani uwahi kuja! Mjukuu akalia. Nami nikasimama na kuangalia ule mkonga ukilainika, ukawa tope.

Nikamwambia Aji msemo wetu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Alicheka mpaka akashika bandeji. Akasema wao siku ya tatu haifiki. Ila anawachukia wanaonunua sanamu za plasta kwa kuwa ni rahisi na zinang'aa. Hizo haziyeyuki vizuri majini, zinaelea elea, mkono huku, sikio kule. "Mgeni asiyejua kuondoka," alisema.

Kwa hiyo mama akikwambia binti yake yuko kwa watu wanaoabudu udongo, mwambie udongo wenyewe waliuyeyusha wenyewe, wakaumimina kwenye chungu cha tulasi, ule mrihani wao, na kila jioni mimi ndiye ninayeumwagilia kwa sababu ya mkono wa Aji. Mimi bado ni yuleyule, sala zangu ni zilezile, na mswala wangu bado una lile doa la hina ulilolimwaga wewe. Lakini nitasema uongo nikisema sikuguswa.

Lile la kutopokea simu, Aji aliliona. Iliita tumekaa, nikaizima. Akauliza nani, nikasema mama. Akanyamaza kidogo, akanipa kisa cha Pundalik. Huyu alikuwa akiwahudumia wazazi wake wazee, Mungu akaja mlangoni mwenyewe kumwona. Pundalik hakuinuka. Alirusha tofali nje akasema simama hapo, usije ukalowana miguu, nikimaliza na wazazi nitakuja. Basi Mungu akasimama juu ya tofali, mikono kiunoni, akingoja, na mpaka leo yuko hivyo hivyo Pandharpur, wanamwita Vithoba, na kila mwaka watu hutembea kwa miguu siku nyingi kwenda kumwona. Wanapita hapahapa Pune, niliwaona mwezi wa sita. Aji alipomaliza kisa akaenda kulala. Akaniacha na simu.

Nimeishika mara ngapi tangu siku ile. Nikipiga, mimi nitaanza kwa kujitetea na yeye ataanza kwa kulia, tutakuwa watu wawili tusiosikilizana kwa bei ya vocha. Nenda Ijumaa baada ya alasiri, akiwa amemaliza nyuradi. Mpelekee visheti. Anza na nazi.

Halafu uniandikie. Anakula vizuri? Presha je, na dawa anameza au anazihesabu tu? Baba kasema nini, au kajifanya yuko kwenye redio? Picha iko bado kwenye lile kundi au wameshapata jingine la kusema? Unaweza kuniulizia kwa maalim, bila kunitaja jina, kuhusu modaka? Nilikula mbili. Sawa, nne. Na wewe mwenyewe, Rehema, kweli kweli, ulipoiona picha, uliamini? Maana hukunipigia nawe. Ulikuwa unangoja nini?

Mkono umechoka na Aji ananiita, nadhani ni maji ya mrihani.

Wako, yule yule,
Zuhura

Nikisahau: mbuzi ya mama ile ya mpingo, meno yake yamelala. Mpelekee fundi wa Kariakoo akayanoe, nitakurudishia.