Anwani za wateja zitafutwe kwa njia halali, zisinunuliwe kwa mafungu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nizungumzie jambo linaloshika kasi miongoni mwa wafanyabiashara wa hapa Tanga, nalo ni kuuziana orodha za anwani za barua pepe za kampuni, hoteli na taasisi. Orodha hizo hupitishwa katika makundi ya WhatsApp zikiwa na maelfu ya anwani, na mnunuzi huahidiwa kwamba akishatuma tangazo lake kwa wote kwa mkupuo, wateja watamfuata wenyewe. Mimi nauza viungo vinavyotoka Amani na Muheza, hasa iliki, mdalasini na pilipili manga, na wengi wa wateja wangu niliwapata kwa kuwaandikia kabla hatujafahamiana. Kwa hiyo sipingi kumwandikia mtu usiyemjua ili umweleze bidhaa yako. Ninachopinga ni kumwandikia kwa anwani ambayo hujui imetoka wapi, ni ya nani, wala kama bado inatumika.

Wauzaji wa orodha hawawaelezi wanunuzi kinachotokea baada ya barua kutumwa. Kampuni zinazohifadhi barua pepe za watu huchunguza mwenendo wa kila mtumaji, yaani ni barua zake ngapi zinazorudi kwa sababu anwani haipo, na ni wapokeaji wangapi wanaobonyeza kitufe cha kusema kwamba hiyo ni barua taka. Google huwataka watumaji wahakikishe malalamiko ya aina hiyo yanabaki chini ya asilimia 0.1 na kamwe yasifikie asilimia 0.3, maana yake ni kwamba katika kila barua 1,000 zilizofika, walalamikaji watatu tu wanatosha kumweka mtumaji mahali pabaya. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo pia zimekaza masharti ya kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli katika kikoa kinachodaiwa, yaani lile jina linalofuata alama ya @ katika anwani, na kwa Google masharti ni makali zaidi kwa anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye anwani za Gmail. Tena orodha za zamani huwa na anwani za mtego, ambazo wenyewe waliziacha siku nyingi na sasa zimeachwa wazi makusudi ili kumnasa anayetuma bila kuchagua. Mfanyabiashara aliyenaswa hivyo hupoteza zaidi ya fedha alizonunulia orodha, kwa kuwa hata ankara anayomtumia mteja wake wa miaka mingi huanza kuangukia kwenye barua taka, na mteja akadhani amepuuzwa.

Kuna pia programu za mtandaoni zinazokisia anwani kwa kufuata mtindo wa kampuni, kwa mfano jina la kwanza, nukta, jina la ukoo, kisha kikoa, halafu huiuliza seva ya kampuni hiyo, yaani kompyuta inayopokea barua zake, kama anwani ipo. Zinasaidia, lakini zisiaminiwe kupita kiasi, kwa sababu baadhi ya seva hukubali kila anwani inayoulizwa, hata ile isiyo na mwenyewe.

Njia ninayoitetea ni ya taratibu, na inaanzia mahali ambapo mwenye biashara ameiweka anwani yake kwa hiari ili aandikiwe kuhusu biashara: ukurasa wa mawasiliano katika tovuti yake, lebo ya bidhaa yake dukani, tangazo lake la zabuni, au kadi aliyokupa mwenyewe kwenye maonesho ya Sabasaba. Pasipo na hayo, simu bado ni chombo bora kuliko programu yoyote. Ukipiga mapokezi ya hoteli, ukajitambulisha kwa jina na bidhaa, kisha ukaomba kwa adabu anwani anayotumia afisa manunuzi, mara nyingi utapewa, na barua yako itakapofika utaweza kuandika kwamba umeelekezwa na ofisi yake. Vijana wengi wanahangaika kutafuta anwani za wakandarasi wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linalotoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani hapa Tanga, ilhali EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ina kanzidata ya watoa huduma na wauzaji wa ndani, na mwenye huduma inayohusika na sekta hiyo anaweza kuomba kuandikishwa humo ili wanaohitaji huduma wamwone wao.

Upande wa sheria nao unahitaji kufahamika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kutuma matangazo ya biashara yasiyoombwa atakavyo. Inataka ridhaa ya mlaji, inataka mtumaji ajitambulishe na kueleza lengo lake mwanzoni, na inataka mpokeaji apewe njia ya kukataa ujumbe mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kumtaka anayeshika taarifa zake aache kuzitumia kwa matangazo ya biashara. Anwani ya jumla ya ofisi si sawa na anwani yenye jina la mtu, na ndiyo maana mimi huanza na ile ya ofisi. Aliyekataa huandikwa daftarini asiandikiwe tena. Mali bila daftari huisha bila habari, na heshima ya mfanyabiashara ni mali.

Wanaotafuta wanunuzi wa nje wawe waangalifu zaidi. Nchini Ujerumani, tovuti ya biashara inatakiwa kisheria kuwa na ukurasa unaoitwa Impressum, wenye jina, anwani na barua pepe ya mwenye tovuti, hivyo kuipata anwani ni kazi ya dakika moja. Lakini sheria yao ya ushindani hairuhusu kutuma tangazo kwa barua pepe bila ridhaa ya awali, hata kama mpokeaji ni kampuni. Kwa hiyo kuonekana kwa anwani si ruhusa ya kuitumia kwa kila jambo, na mwenye orodha ya wanunuzi wa Hamburg aliyoinunua Ngamiani anaweza kujifungia soko kabla hajauza hata gunia moja.

Tatizo hili, hata hivyo, tunalilea wenyewe. Tazama mabango ya maduka na viwanda vyetu: yana namba za simu tatu au nne, mara nyingine za watu walioacha kazi, na barua pepe hakuna, au ipo iliyofunguliwa na kijana mmoja aliyeondoka na neno la siri. Mnunuzi wa Nairobi au Mombasa anayetaka kuomba bei kwa maandishi hajui amwandikie nani, naye muuzaji wa orodha hupata nafasi yake katika pengo hilo. Gharama ya kusajili kikoa cha .co.tz na kufungua anwani ya manunuzi na nyingine ya mauzo si kubwa kwa kiwanda chenye wafanyakazi.

Naiomba chemba ya wafanyabiashara, TCCIA, katika mkoa wetu iandae rejista ya anwani za biashara zilizotolewa kwa ridhaa ya wenyewe, ieleze kila anwani ni ya shughuli gani, na ihakikiwe kila mwaka ili zilizokufa ziondolewe. Nawe Mhariri, naomba gazeti lako liwashauri wanaotangaza humu waweke chini ya tangazo anwani moja inayosomwa kila siku ya kazi, pamoja na cheo cha anayeisoma.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfanyabiashara wa viungo,
Ngamiani, Tanga